Kijiti Nilichokiita Kijiko

Kambi ya reli, Ihumwa

Hadija mwanangu,

Nakusalimu ukiwa umelala hapa hapa mbele yangu, kitandani pangu, na mwanao Salum ubavuni mwako. Kesho genge letu linatoka na toroli kabla hakujapambazuka, kwenda upande wa Kikombo kubadilisha mataruma, yale magogo yanayobeba reli. Wewe utaamka na mke wa mnyapara akusindikize Dodoma kwenye gari moshi la Tabora. Mimi naenda mashariki, wewe unaenda magharibi, hatutaonana tena mpaka Mungu apende. Kwa hiyo naandika. Darasa langu unalijua, ni la tatu, nisomee taratibu, na pale nilipokosea herufi utasahihisha mwenyewe.

Habari za mizigo na chakula cha njiani sikuandikii. Mama yako alikwisha kukuambia yote kabla hujatoka Mlali, na hata ningeongeza langu ungefuata lake. Ninaandika kwa sababu ya neno ulilolisema jioni tulipokuwa tunakula. Ulisema hivi: "Baba, bibi kaniuliza amemkosea nini mama. Anasema hajui. Alikuwa analia."

Nami nikakujibu, "Wazee husahau." Kisha nikaomba chumvi, na chumvi ilikuwa mbele yangu.

Bibi yako hakusahau, Hadija. Hajawahi kuambiwa. Wa kumwambia nilikuwa mimi, nami sikumwambia, na huu ni mwaka wa ngapi sijui, wewe ulikuwa hujazaliwa. Sasa amezeeka, umemwona. Sitaki aingie kaburini na jina ambalo si lake. Ndilo linalonikalisha hapa na kalamu ya risasi ya karani.

Wewe umekua ukisikia kwamba kaka yako Juma aliuawa na dawa ya asali ya bibi yako wa Kondoa. Mama yako hakukuficha. Hata safari hii alikuambia, "Nenda kamsalimie, umwonyeshe mtoto, lakini usile kitu chake." Nawe umekwenda, umerudi na kibuyu cha mizizi katika asali, kimezibwa kwa nta, na tangu jana unakitazama kama nyoka aliyelala. Uliniambia, "Nitakiacha kwako Baba, sitaki mama asikie nimekipokea." Soma kwanza, ndipo uamue.

Nilipokuja huku chini kutoka Kondoa nilikuwa kijana kama mume wako alivyo sasa. Kirangi ndiyo lugha ya mama yangu, Kiswahili nilikipata shuleni na msikitini. Mama yako nilimwona Mlali tulipotumwa kununua mtama wa posho ya kambi. Yeye kwao Kigogo, nami Kigogo changu wakati ule kilikuwa cha kuombea maji tu. Tukazungumza Kiswahili, cha kubahatisha, kila mmoja akikosea kwa upande wake. Tulicheka sana siku zile. Ndugu yake Malogo, aliyekuwa nami katika genge, alikuwa akisema, "Shemeji, ninyi watoto wenu watazaliwa mabubu, maana hawatajua washike lugha ipi."

Juma alizaliwa hapa kambini. Mama yangu aliposikia mtoto ameanza kusimama, akapanda lori la mizigo, yeye ambaye hakuwahi kupanda kitu chenye magurudumu, akaja kumwona mjukuu. Akakaa mwezi wa mvua wote. Hebu fikiria chumba hiki hiki, wanawake wawili, mmoja ana Kirangi tu, mwingine ana Kigogo na Kiswahili cha sokoni, na mimi katikati. Nikirudi kazini jioni, mgongo unaniuma kwa kunyanyua vyuma, nawakuta wote wawili wananingoja kwa maneno waliyoyalimbikiza tangu asubuhi. "Mwambie mama, unga nimeupepeta mara mbili." "Mwambie mke wako, mtoto asifungwe nguo nzito hivyo." Nilikuwa mlango wao. Lisipopita kwangu, halipiti.

Nawe ujue, mlango ukichoka huanza kupunguza. Nilianza na madogo. Mama yangu akisema unga una michanga, mimi namwambia mama yako, "Anasema ugali mzuri." Mama yako akisema amechoka kuamshwa alfajiri, mimi nasema, "Anakushukuru kwa kumwamsha." Wote walikuwa wanatabasamu. Nikajiona mtu mwenye akili sana, mleta amani nyumbani. Hakuna aliyeniambia nakosea, maana wa kuniambia angekuwa nani?

Mama yangu alikuja na mizizi yake. Sharti nikueleze ilivyo, maana wewe umekiona kibuyu lakini hujaona kazi. Anachimba mzizi kiangazi, wakati mti hauna maji mengi. Hachukui mzizi mkuu, anachukua wa pembeni, kisha anafukia shimo. Anaumenya ganda, anaukata vipande vyembamba, anavianika kivulini hadi vikivunjwa vilie. Ndipo anavizamisha katika asali ya nyuki wadogo, wale wasiouma, ambayo ni nyepesi na ina uchachu kidogo. Anaziba kwa nta, anaweka gizani. Akifungua na kukuta povu, anamwaga yote nje, hata kama asali ilipatikana kwa shida, kwa sababu mzizi haukukauka na dawa imeoza. Jina la mti silijui kwa Kiswahili, na kwa Kirangi sitaliandika, maana nikiliandika vibaya utachimba mwingine. Atakutajia mwenyewe.

Ni dawa ya kikohozi cha kifua. Mimi nimekua nayo. Si dawa ya homa, wala mama yangu hakuwahi kusema ni ya homa. Mtoto akichemka mwili alikuwa akisema apelekwe kwa watu wa sindano, upesi. Watu humdhania bibi yako kuwa mshamba kwa sababu hajui Kiswahili. Hayuko hivyo.

Siku aliyoondoka, Juma alikuwa na kikohozi cha siku chache. Alikuwa anatembea sasa, ameshika maneno mawili matatu. Lori lilisimama pale barabarani, injini inanguruma, dereva anapiga honi. Mama yangu akampa mama yako kibuyu, akanigeukia, akasema kwa haraka. Nakumbuka kila neno. Alisema: "Mwambie achukue kijiti cha jani kavu, akichovye, akinyanyue asubiri kiache kudondosha. Kitakachobaki kwenye kijiti ndicho cha mtoto. Alambe mwenyewe. Akigeuza uso, imetosha, asimlazimishe. Na mtoto ambaye hajajua kutema asilambishwe kabisa."

Mama yako akauliza, "Anasemaje?"

Nikafungua mdomo nimwambie. Malogo alikuwa amesimama pale, na mnyapara, na vijana wawili wa genge waliokuja kubeba mzigo wa mama. Wiki ile ile walikuwa wamenicheka kwa sababu walimwona mama akimlambisha Juma kijiti mlangoni, mama yako akiwa ameenda kuteka maji. Malogo alisema, "Shemeji, kumbe kwenu vijiko havijafika? Mnalambana vijiti kama mbuzi wanaokula chumvi?" Wote wakacheka, na mnyapara akacheka, nami nikacheka nao, lakini ndani nilichomeka. Nilikuwa nimetoka kununua kijiko Dodoma, duka la Mhindi, kikubwa, kinang'aa, nilikitundika ukutani kama picha. Mimi msomi wa darasa la tatu. Sikutaka kusema neno kijiti mbele ya watu wale.

Nikasema, "Anasema kijiko kimoja asubuhi, kimoja jioni."

Ilikuwa kufumba na kufumbua. Mama yako akaitikia kwa kichwa, akamtazama mama yangu, akamwambia asante kwa Kirangi, ndilo neno pekee alilokuwa amejifunza. Mama yangu akafurahi hadi akaushika uso wake kwa mikono miwili. Hawajawahi kushikana tena.

Hadija, ile dawa ni tamu mbele na chungu nyuma. Mtoto analamba utamu, kisha uchungu unamfikia, anageuza uso. Kugeuza uso kwake ndicho kipimo. Mzizi ule si wa kuchezea, na yeye alikuwa amemwachia mtoto mwenyewe aseme basi. Mimi nikaondoa kijiti, nikaweka kijiko, na kijiko hakina basi. Juma alikuwa akigeuza uso, mama yako anamshika pua, anamimina, kwa sababu ndivyo alivyoambiwa na mama mkwe wake, mtu mzima, mjuzi. Kibuyu ambacho kingemaliza masika yote kiliisha nikiwa bado nasikia harufu ya lori puani.

Mtoto akaanza kutapika, kisha akalegea. Tulimpakia kwenye toroli, mnyapara mwenyewe akasukuma, tukafika hospitali ya Dodoma jua likiwa kali. Yule dresa, msaidizi wa daktari, mtu mpole tu, akaniuliza, "Mmempa nini?"

Nikasema, "Asali, bwana. Asali tu."

Mama yako alinitazama. Alidhani ninamkinga mama yangu. Mpaka leo anadhani hivyo.

Sisemi kwamba najua kwa hakika dawa ndiyo iliyomwondoa. Kikohozi chake kilikuwa kibaya, na masika yale watoto wengi walikufa katika kambi, ambao hawakulamba chochote. Nimeshika neno hilo miaka mingi kama mtu anayeshika ukuta gizani. Lakini dresa aliniuliza akitaka kumsaidia mtoto, nami nikamfunga macho. Hilo halina ubishi.

Mama yangu akarudi kwa msiba. Alifika tumekwisha kuzika. Aliingia hapa mlangoni akilia kwa desturi yao, mama yako akainuka pale alipokuwa amekaa na wanawake wa kwao, akasema kwa Kiswahili ili mimi nisikie vizuri: "Mwambie mama yako ameniulia mwanangu. Mwambie. Kijiko chake kimeniulia mwanangu."

Mama yangu akaniuliza, "Anasemaje?"

Nikasema, "Anasema amechoka, anaomba umwache kidogo."

Mama yangu akakaa chini, akasema, "Mwulize, alimlambisha kwa kijiti? Au alikunywa?"

Mama yako akasema, "Anasemaje?"

Nikasema, "Anasema pole."

Basi. Wale wanawake wawili waliulizana neno moja lile lile, kila mmoja kwa lugha yake, katika chumba kisichotosha vitanda viwili, na jibu lilikuwa limesimama katikati yao limevaa kofia ya reli. Kama mmojawapo angejua nusu tu ya lugha ya mwenzake, ningeumbuka pale pale, na pengine ingekuwa heri yangu. Mama yako aliondoka na ndugu zake kwenda Mlali na hakukaa kambini tena. Mimi nikawa mtu wa kwenda kwake mwisho wa mwezi. Wewe ulizaliwa kule, na nilipotaka upewe jina la mama yangu kama ilivyo kwetu, mama yako alikubali kwa shida, na hata sasa hakuiti Hadija, anakuita Binti. Ulidhani ni mapenzi. Ni mapenzi, lakini pia ni jina asilotaka lipite mdomoni mwake.

Kila likizo niliyokwenda Kondoa mama yangu aliuliza, "Mkwe wangu haji?" Nikasema ana shamba. Mwaka mwingine nikasema mguu unamsumbua. Naye akawa ananipa asali nimpelekee, bora kuliko zote, asali ya kuliwa isiyo na mzizi. Mama yako asingeigusa. Kwa hiyo niliila hapa na wenzangu kambini, na likizo inayofuata nikasema, "Anashukuru sana." Malogo, Mungu amrehemu, ndiye aliyekuwa akiisifu kuliko wote. Alisema, "Shemeji, huyu mama yako anampenda dada yangu kweli."

Ungeniuliza kwa nini sikusema baadaye, ningekwambia nilingoja mama yako apoe. Kisha alipopoa niliogopa kumchoma upya. Kisha wewe ukazaliwa, nikasema nisivunje nyumba. Kila mwaka ulikuwa na sababu yake nzuri. Nimefanya kazi ya reli, najua taruma bovu likiachwa halikai bovu peke yake, huwabebesha majirani uzito wake hadi nao wapasuke. Kazini nikiliona naita mnyapara siku hiyo hiyo. Nyumbani kwangu nilipita juu yake nikienda kazini.

Sasa juzi wewe umefika kwa bibi yako, na jirani akawa anawafasiria. Ulinihadithia mwenyewe ukicheka. Alivyokupokea: "Karibu mke mwenzangu! Umeniletea mume mwingine, na huyu ana meno mawili tu, afadhali, hataning'ata!" Ulivyocheka nikacheka. Kisha ukasema alikushika mkono akakuuliza lile swali. Mtu wa tatu alilifasiri, mtu baki asiye na la kuficha, likafika zima. Nilikuwa nimelizuia miaka yote hiyo, na jirani mfuga kuku amelivusha kwa pumzi moja.

Nakuambia la kibuyu. Salum asilambishwe, hata tone. Hajajua kutema. Hilo ni neno la bibi yako mwenyewe, nililolimeza siku ya lori, na sasa nakupa lilivyo. Akikohoa, mpeleke hospitali ya Tabora, na ukiulizwa mmempa nini, taja kila kitu, hata kama kuna watu wanaosikiliza na wanacheka. Wewe mwenyewe au mume wako mkipata kikohozi, kijiti, kiache kudondosha, ukisikia uchungu uache. Na kama roho yako inakataa, kiache mezani. Sitachukia. Ila usikiache kwa kuamini kwamba aliyekitengeneza ni muuaji.

Jambo jingine ninalokuomba, silo agizo. Unakwenda kwa watu wa mume wako. Mama mkwe wako ana Kinyamwezi, na mume wako ndiye atakayekuwa mlango wenu. Ni kijana mzuri, nampenda. Mimi pia nilikuwa kijana mzuri. Jifunze Kinyamwezi. Anza na neno la jikoni, neno la mtoto, neno la ugonjwa. Watakucheka, nawe kosea mbele yao wacheke. Mama mkwe wako akisema jambo refu na mume wako akakuletea fupi, usiudhike, lakini muulize yule mama tena, kwa mikono yako, akuonyeshe. Laiti mama yako angemwambia mama yangu pale barabarani, "Nionyeshe," wangenisukuma mimi kando na wangeelewana kwa kijiti cha jani. Hakusema kwa sababu aliniamini. Simlaumu mtu kwa kuniamini.

Nimemwomba mnyapara ruhusa, leo jioni ulipokuwa unamwogesha mtoto. Aliniuliza, "Una msiba?" Nikasema, "Ndiyo, wa zamani." Akanitazama, akasema niende Jumamosi. Nitakwenda Mlali kwanza. Nitamwambia mama yako. Sijui atafanya nini. Huenda akanifukuza, na akinifukuza nisikie umemwandikia kunitetea, nitakasirika. Mwache aseme yake yote, amekaa nayo muda mrefu akimwelekezea mtu mwingine. Huenda nawe ukairudia hii ndani ya gari moshi ukaona huna baba. Nalo nitalipokea. Ila mtunze Salum, naye mwambie alikuwa na mjomba aitwaye Juma aliyependa kugonga reli kwa jiwe ili asikie mlio ukienda.

Akikubali mama yako, nitampandisha lori hadi Kondoa. Akikataa, nitapanda peke yangu. Nitakaa mbele ya mama yangu, nimwambie kile mkwe wake alichosema siku ya msiba, neno kwa neno, na kile nilichokisema mimi badala yake. Kisha nitalijibu swali aliloniuliza siku ile: Hapana, mama, hakumlambisha kwa kijiti. Hakuambiwa.

Baba yako